Mkulima Anayehesabu Mwanga

Katika rasi ya Cape Rosier, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, spinachi huvunwa Januari. Nje ya banda ardhi imeganda hadi jembe linadunda, theluji imefika magotini, na usiku baridi huweza kushuka hata chini ya nyuzi 20 hasi za Selsiasi. Ndani ya banda hakuna jiko, hakuna bomba la maji ya moto, hakuna taa. Kuna udongo mzuri, nailoni juu, kitambaa chepesi chini yake, na mboga. Shamba hilo linaitwa Four Season Farm, na mkulima aliyeifanya kazi hii ijulikane duniani ni Eliot Coleman, kwa mikono yake na kwa vitabu vyake, hasa kile cha mwaka 2009, The Winter Harvest Handbook.

Wengi tukisikia habari hii tunauliza kwanza kuhusu baridi. Ni haki yetu. Kwetu baridi kali ni kipupwe cha Julai, au sakitu inayobabua viazi alfajiri huko Kinangop na Kitulo. Lakini kinachoitesa mboga ya Januari kuliko baridi ni giza. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haviachani hata kwa saa moja, ndiyo maana mkulima wetu huhesabu mvua na wala hahesabu mwanga. Cape Rosier iko nyuzi 44 kaskazini ya ikweta. Juni, jua linakaa angani zaidi ya saa 15. Ikifika 21 Desemba linachomoza saa moja asubuhi, linajikokota chini chini upande wa kusini, na saa kumi alasiri limeshazama. Mchana wote haufiki saa 9.

Mmea unaishi kwa mwanga. Mchana ukishuka chini ya saa 10, mboga nyingi husimama pale zilipo: hazifi, lakini hazikui tena kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwenye nyuzi 44 hali hiyo huanza karibu 5 Novemba na kuisha karibu 5 Februari. Coleman amezipa siku hizo jina la Persephone, yule binti wa hadithi za Wayunani aliyechukuliwa kwenda kuzimu, na mama yake, mungu wa mavuno, akakataa kuotesha chochote duniani mpaka mwanawe arudi. Miezi mitatu ya kusubiri. Hata ukiwasha moto bandani usiku na mchana, miezi hiyo haifupiki, kwa sababu joto halizai mwanga.

Ustadi wa kilimo hiki umejengwa juu ya jambo hilo moja. Anayetaka kula mboga Januari haioteshi Januari. Anaisia Agosti na Septemba, anaiacha ikue katika mwanga uliobaki, na anahakikisha kwamba siku ile mchana unapofikia saa 10, mboga imeshafika kimo cha kuvunwa au imekaribia sana. Kuanzia hapo shamba linageuka ghala. Mboga zimesimama kwenye matuta zikiwa hai, na mkulima anakwenda kuzichukua kidogo kidogo hadi Februari. Coleman mwenyewe anapenda kusema kwamba kazi yake ni kuvuna wakati wa baridi, si kukuza wakati wa baridi. Ni kauli ya mtu aliyeelewa mpaka wa uwezo wake, akajenga maisha yake ndani ya mpaka huo bila kulalamika.

Sasa tazama ugumu wa kalenda hiyo. Mwezi wa Septemba, kwenye nyuzi 44, kila siku inayopita inaondoka na kama dakika 3 za mchana. Kwa wiki 3 ni saa nzima. Na si urefu wa mchana tu: jua lenyewe linazidi kuinama, nguvu yake inapungua, udongo unapoa. Mbegu iliyosiwa mapema mwezini inakimbia na siku ndefu. Iliyosiwa siku chache baadaye inachechemea nyuma yake, na pengo kati yao linazidi kupanuka. Kuchelewa siku moja kusia kunaweza kuchelewesha mavuno kwa siku nyingi, na baada ya tarehe fulani kunaweza kuyasukuma ng'ambo ya Desemba kabisa, yaani mavuno ya Januari yakawa ya Machi. Kuwahi nako kuna hasara. Mboga iliyokomaa mno huingia baridini ikiwa na majani makubwa yaliyolainika, na majani makubwa huumia kuliko machanga. Saladi iliyofunga kichwa huoza pale ambapo saladi yenye majani madogo inapita salama. Kwa hiyo kila mboga ina dirisha lake. Karoti ni mwanzoni mwa Agosti. Spinachi ya bandani ni katikati ya Septemba. Mboga nyepesi zinazokua upesi, kama figili, zinaweza kusubiri kidogo zaidi.

Hakuna anayezaliwa na tarehe hizo kichwani. Zinatoka kwenye daftari. Mkulima anaandika siku aliyosia, siku mche ulipochomoza, siku ya kuvuna, na mwaka unaofuata anasogeza siku mbili mbele au tatu nyuma. Anapata nafasi moja tu ya kujaribu kila mwaka. Fundi seremala akikosea kiungo anachukua ubao mwingine mchana uleule. Mkulima huyu akikosea Septemba atasubiri Septemba nyingine. Mimi ninaposoma tarehe zile kwenye vitabu vya Coleman, zimepangwa kwa utulivu katika majedwali, ninachokiona ni miaka ya mtu, mmoja baada ya mwingine, iliyotumika kuzisahihisha.

Baridi nayo haikuachwa hivihivi. Ilitafutiwa dawa rahisi kupita ninavyoweza kueleza bila kuonekana ninatia chumvi. Banda ni kitalu nyumba cha kawaida: matao ya bomba na nailoni. Ndani yake, juu ya matuta, kunachomekwa vijitao vya waya, na juu ya waya kunatandazwa kitambaa cheupe chepesi kisichofumwa, kinachopitisha mwanga na maji, kikiwa kimeinuka kama sentimita 30 kutoka ardhini. Basi. Ni kama mtu anayelala na shuka ndani na blanketi juu. Mchana udongo unapokea joto la jua; usiku unalirudisha polepole, na kitambaa kinalizuia lisitoroke. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hujikusanya upande wa chini wa kifuniko, ukafanya utando wa maji au sakitu, na utando huo nao unasaidia kuzuia joto lisipotee. Kwa hesabu ya Coleman, kila tabaka ni sawa na kulihamisha tuta maili 500 kuelekea kusini, yaani kama kilomita 800. Nailoni inalipeleka shamba la Maine hadi New Jersey. Kitambaa cha ndani kinalifikisha Georgia.

Lakini hata Georgia kuna baridi. Nje kukiwa na nyuzi 26 chini ya sifuri, chini ya kitambaa cha ndani kunakuwa na 8 au 9 chini ya sifuri. Maana yake mboga zinaganda, na zinaganda mara nyingi katika msimu mmoja. Hapa ndipo palipo na uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika kilimo hiki: mkulima ameziacha zigande. Hakuleta mashine ya kupasha joto ili nyanya iishi Januari. Alizunguka kutafuta mboga ambazo kuganda kwake si kufa.

Ziko nyingi kuliko tunavyodhani. Ya kwanza ni spinachi, na nasema spinachi halisi yenye majani madogo laini, si ile ya shina nene jeupe inayouzwa kwa jina hilo katika masoko yetu. Iko mache, ambayo Ulaya ilikuwa gugu katika mashamba ya nafaka kabla watu hawajaonja majani yake wakayapenda. Iko klaytonia, mboga ya porini ya magharibi ya Marekani, iliyoliwa na wachimba dhahabu wa California. Ziko liki, sukuma wiki, na majani kadhaa kutoka Asia ya mashariki. Zote hizi, vuli inapoingia na baridi ikiongezeka pole pole, hujiandaa. Huongeza sukari ndani ya chembe zao, na maji yenye sukari huchelewa kuganda. Baridi ikizidi, chembe husukuma maji yake nje, na barafu hutengenezwa katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe, mahali ambapo haipasui kitu. Mmea uliozoeshwa hivyo kwa wiki kadhaa huvumilia usiku ambao mmea wa aina ileile uliotolewa jotoni jana usingeuona mwisho wake.

Ukiingia bandani asubuhi ya Januari, saa mbili hivi, utaona hilo kwa macho. Kitambaa kimekakamaa, kukiinua kunatoa mlio. Chini yake majani ya spinachi yamelala chali ardhini, kijani chake kimekuwa cheusi-cheusi, kinang'aa. Ukilibana jani kwa vidole linavunjika. Mgeni angeapa kwamba tuta lote limekufa. Na mgeni huyo akichukua kisu akakata saa hiyo, atakuwa amesema kweli, kwa sababu jani lililokatwa likiwa limeganda halina mizizi ya kulirudishia maji yake. Likiyeyuka linakuwa ute. Mkulima anayejua kazi anakirudisha kitambaa, anakwenda kufanya shughuli nyingine. Karibu na saa nne, hata siku ya mawingu mepesi, hewa ya bandani inapanda juu ya sifuri. Barafu iliyo kati ya chembe inayeyuka, maji yanarudi yalikotoka, na majani yanaanza kuinuka, kwanza yale ya upande wa jua, kisha mengine, moja hapa, jingine pale, mpaka tuta zima limesimama. Sasa ndipo anapopiga magoti na kisu kidogo chenye makali. Anachukua majani ya nje, anaacha ya katikati. Ana muda hadi saa nane, saa tisa akijitahidi. Baada ya hapo baridi inarudi na kazi ya kuvuna imekwisha kwa siku hiyo.

Siku ya kazi ya saa 4 au 5, inayopangwa na jani. Sijui kazi nyingine ya mikono inayodai utii wa namna hiyo.

Karoti zina habari yake. Zilizosiwa mwanzoni mwa Agosti huachwa ardhini, zikafunikwa kabla ardhi haijaganda, na kuanzia Novemba huchimbwa kila wiki zikiwa na majani yake. Baridi huigeuza wanga yake kuwa sukari, na hiyo sukari, ambayo kwa karoti ni kinga dhidi ya kuganda, kwa mlaji ni utamu usiopatikana kwenye karoti ya kiangazi. Coleman anasimulia kwamba watoto wa shule za jirani walikuwa wakibadilishana karoti hizo na vitafunio vya wenzao. Mzazi yeyote aliyewahi kubembeleza mtoto ale mboga atajua uzito wa ushahidi huo.

Coleman hakuanza na kitabu wala mtaji. Mwaka 1968 yeye na mke wake wa kwanza walinunua ekari 60 za msitu kutoka kwa Helen na Scott Nearing, wazee walioacha maisha ya mjini tangu miaka ya 1930 na kuandika kitabu cha Living the Good Life, kilichotoka 1954. Bei ilikuwa dola 33 kwa ekari. Udongo ulikuwa mchanga wenye tindikali, mawe tele, miti ya misonobari juu yake. Aling'oa visiki na kuokota mawe kwa mikono, akajaza samadi, mwani wa pwani na mboji mwaka hadi mwaka. Wanaosoma habari za mabanda yake wakakimbilia kununua nailoni huliruka jambo hili, na ni kosa. Udongo ule ndio unaozifikisha mboga kwenye kimo chake kabla ya Novemba. Udongo dhaifu huchelewesha, na katika kilimo hiki kuchelewa ndiko kukosa.

Wala hakudai kwamba amebuni yote. Walimu wake ni wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, ambao wawili kati yao, Moreau na Daverne, waliandika ufundi wao katika kitabu cha mwaka 1845. Paris ya wakati ule ilikuwa mji wa farasi, na farasi wana samadi. Wakulima waliizoa mbichi kutoka kwenye mazizi, wakaitandaza tabaka nene, ikachacha na kutoa joto. Juu yake wakaweka udongo, juu ya udongo wakapanda saladi na karoti na figili, na juu ya mboga wakafunika vioo vyenye umbo la kengele, kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu. Mchana wa jua walipita wakiinua kila kengele upande mmoja kwa kijiti ili hewa ipite. Jioni walipita tena kuzishusha, na usiku wa baridi kali wakatandika mikeka ya mabua juu yake. Kila siku, kipindi chote cha baridi. Magari yalipoingia mjini, farasi wakaondoka, mazizi yakafungwa, na ufundi ule ukafa pamoja na samadi yake. Coleman alichukua kwao wazo la kubananisha mboga, kupokezana mimea kwenye tuta moja bila kuliacha wazi, na kulisha udongo bila choyo. Joto la samadi aliliacha, kwa kuwa kwa mboga alizozichagua halihitajiki.

Kutoka Ufaransa pia umetoka ule uma mpana wa mikono miwili, kazi ya André Grelin, unaotifua udongo kwa kina bila kuupindua: unaukanyaga, unauvuta nyuma, unahama hatua moja. Matuta yana upana wa sentimita 75 hivi, mtu anaweza kusimama na mguu huku na mguu kule. Vipimo vyote vinalingana na mwili wa mtu mmoja, na hilo ni busara ya shamba dogo.

Mabanda mengine yanahama. Hili lilinishangaza kwanza, baadaye nikaliona kuwa la kawaida kabisa. Kiangazi banda limekaa juu ya nyanya. Pembeni yake, nje, mboga za baridi zinakua kwa raha katika mvua na upepo wa Septemba. Nyanya zikimalizika Oktoba, banda zima linasukumwa na watu wachache hadi juu ya mboga zile, na udongo ulioachwa nyuma unapata theluji na mvua ya wazi, ambavyo huusafisha chumvi na wadudu waliojilimbikiza chini ya kifuniko.

Yako na matatizo. Theluji nzito huweza kuliangusha banda isipopukutwa kwa fagio. Panya wa shambani hugundua mapema kwamba mahali penye joto na chakula ni chini ya kitambaa. Na kuna gugu moja dogo linalopenda baridi kuliko mboga zenyewe, likiachwa wiki mbili linatandaa tuta zima. Maji, kwa upande mwingine, karibu hayahitajiki kuanzia katikati ya Novemba: jua dogo halikaushi kitu.

Mtu atauliza faida ya taabu yote hii, wakati saladi ya Januari huja Maine kwa lori kutoka majangwa ya Arizona na California, ng'ambo ya bara. Jibu langu ni kwamba jani lililokatwa asubuhi na kuliwa jioni si chakula kilekile na jani lililosafiri kilomita elfu kadhaa. Na uwezo wa kujilisha katika mwezi mgumu kuliko yote ni heshima ambayo jamii yoyote inapaswa kuitaka. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Ni vizuri mkulima huyo awe jirani.

Maine hiyohiyo ina watu wenye asili ya kwetu. Mjini Lewiston na maeneo ya jirani wanaishi Wabantu wa Kisomali, ambao mababu wa wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi ya leo, na baadhi yao mpaka sasa wanazungumza Kizigua. Wana shamba la pamoja linaloitwa Liberation Farms, wanalima mahindi, maharage na mboga katika kiangazi kifupi cha huko. Portland kuna familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Watu waliokua wakihesabu masika na vuli wamejikuta katika nchi ambamo lazima wahesabu dakika za mchana.

Kwa hiyo, msomaji uliye ugenini, Toronto, Minneapolis, London au popote penye theluji, na una kiwanja hata cha hatua 10, usisubiri banda. Tafuta jedwali la macheo na machweo ya mji wako, uone ni lini mchana unashuka chini ya saa 10. Toronto na Minneapolis ni mwanzoni mwa Novemba, kama Maine. London ni mwishoni mwa Oktoba, na mwanga hurudi katikati ya Februari. Hesabu wiki 7 kurudi nyuma kutoka siku hiyo, sia spinachi yako, na theluji ikikaribia chomeka vijitao vya waya utandaze kitambaa juu yake. Iandike tarehe uliyosia. Na asubuhi utakayoikuta mboga imelala imeganda, usiing'oe. Subiri saa nne.